Siku Niliyopima Sabufa Ukumbini

Nyinyi vijana mnaobisha hodi kwangu hapa Iyunga na picha za sabufa kwenye simu, mkitaka niwaambie ipi ni nzuri kuliko ipi, nimekuwa nikiwajibu kwamba masikio yangu yamechoka. Niliwadanganya. Masikio yangu ni mazima kabisa. Lori likipunguza mwendo kule barabara kuu najua kama breki zake zimelika. Niliacha kupima kwa sababu nyingine, na kwa kuwa wengi wenu mmeanza kazi hii hii ya kuuza na kutengeneza vyombo vya muziki, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikia watu wa Mwanjelwa, ambao wananisimulia vizuri kuliko ninavyostahili.

Nianze na kile mnachokifuata. Ujuzi haukunikosea kitu. Mimi ndiye niliyeukosea.

Usinunue sabufa kwa maandishi ya boksi. Mimi niliyasoma maboksi hayo kwa sauti mbele ya wateja kwa miaka, nikiwa nimevaa fulana ya duka, na niliyasoma nikijua ni maneno matupu, kwa sababu ndiko mshahara ulikokuwa unatoka. Wati elfu kumi, wati elfu ishirini, kwenye chombo ambacho waya wake wa umeme ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Mwalimu mmoja wa sekondari, tena wa fizikia, alinunua sabufa ambayo kwa maandishi yake ingeweza kuendesha mashine za kusaga za mtaa mzima. Nilimuuliza ameipendea nini. Akasema taa zake zinabadilika rangi. Nikamfungia.

Aliyenifundisha kupima ni Fundi Kihwele wa Mlandege, Iringa mjini. Iringa nilikwenda kwa ndoa. Ndoa ilinishinda mwaka wa pili, nikaona aibu kurudi nyumbani Mbeya, nikatafuta kazi. Kihwele alikuwa na karakana ya spika nyuma ya nyumba yake. Alikuwa Mhehe mrefu, mkimya, wa benchi la mbele kanisani, mwenye tabia ya kukutazama bila kusema kitu mpaka umalize mwenyewe kutoa unachokificha. Nilipomwambia najua kuunga waya kwa lehemu, akanipa spika iliyokufa, akaenda kunywa chai. Aliporudi ilikuwa inaimba.

"Kesho njoo saa mbili," akasema.

Usaili wangu ulikuwa huo. Nilikaa kwake miaka minne.

Wiki ya kwanza nilimwambia kwamba sabufa fulani iliyoletwa ina nguvu sana, kwa sababu imeandikwa hivyo ubavuni. Akaweka bisibisi chini.

"Kwenu Mbeya, Atupele, mkulima wa viazi anachukia nini kuliko vyote?"

"Lumbesa, fundi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni gunia limeongezwa juu kwa wavu, kila mnunuzi anashona anavyotaka, halafu wote wanaliita gunia moja."

"Basi na wati za kwenye boksi ni lumbesa. Sisi tutapima."

Akanitoa nje, kwenye uwanja wazi nyuma ya karakana, mbali na ukuta, mbali na choo, mbali na kila kitu kinachoweza kurudisha sauti. Sabufa inakaa chini, mahali pamoja palepale kwa kila itakayopimwa. Mita ya desibeli, ya kupimia ukubwa wa sauti, inakaa mbele yake, mita mbili kamili, nayo chini. Swichi ya mita iwe kwenye C, isiwe kwenye A, maana A imetengenezwa kwa kufuata masikio ya mtu, na masikio ya mtu besi ya chini hayaihesabu. Unapiga mlio mmoja mtupu, siyo muziki: hezi sitini, kisha hamsini, arobaini, thelathini, namba ikishuka na besi inazama zaidi. Kila mlio unaongeza sauti taratibu mpaka sabufa inaanza kukoroma au kugonga, unarudi nyuma kidogo, unaandika namba. Tulipima mchana, wakati umeme umetulia, kwa sababu jioni watu wakiwasha vitu vyao umeme unashuka, na sabufa yenye njaa ya umeme haiwezi kushindana na iliyoshiba.

Hiyo ndiyo kazi nzima. Siku ya kwanza nilipoona sabufa ndogo isiyo na maandishi ikiizidi ile ya wati elfu kumi kwa desibeli tisa kwenye hezi thelathini, nilicheka mpaka nikakaa chini. Tofauti ya desibeli tatu unaisikia ukiambiwa. Ya desibeli kumi hata jirani anaisikia kabla hujamwambia.

Na kweli jirani alikuja. Alikuwa mama mmoja mfuga kuku, akalalamika kwamba kuku wake wamepunguza kutaga kwa sababu ya ule mngurumo unaotoka ardhini. Kihwele akamwomba radhi kwa adabu zote, akaahidi tutasogea. Mama alipoondoka akaniambia, "Andika kwenye karatasi: hii ya mwisho kuku wanaijua." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha.

Makosa niliyafanya mengi pale, na yote yalisameheka. Nililinganisha sabufa mbili huku moja nikiwa nimeifungulia sauti zaidi kidogo, nikasema hiyo ndiyo bora. Masikio hupenda kilicho juu. Kihwele akasawazisha, bora ikawa ile nyingine. Baadaye simu za kisasa zilipokuja nikapima kwa simu. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Kule chini kabisa ni kiziwi. Nyinyi bado mnapima kwa simu, nawaona, halafu mnabishana.

Lakini funzo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la kona. Sabufa ukiiweka kwenye kona ya chumba, kuta mbili na sakafu zinaisaidia, inanguruma kama imekula nyama. Sabufa hiyo hiyo ukiiweka katikati ya ukuta, na wewe ukasimama mahali pabaya, mawimbi yanakutana na kuuana, unasikia kama imezimwa. "Mwenye duka mjanja," alisema Kihwele, "anachokitaka kiuzwe anakiweka konani. Mpimaji akikubali kupima namna hiyo, hajapima sabufa, amepima chumba." Nilimsikia akisema hivyo labda mara hamsini.

Mama yangu alipougua nikarudi Mbeya. Nikaajiriwa kwenye duka la vyombo vya umeme Mwanjelwa, la bwana mmoja aitwaye Festo. Festo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda kuuza. Alipogundua kwamba najua kupima, akaona biashara: akabandika karatasi mlangoni kwamba dukani kwake sabufa zinapimwa kabla ya kununuliwa. Watu wakaja, kutoka Tukuyu, hata Chunya. Nilipima kihalali, kwenye uwanja wa nyuma, na mara nyingine kipimo kilimkatalia Festo mzigo aliotaka kuutoa. Alikunja uso, hakunizuia. Jina langu likawa kubwa, na nililifurahia.

Ndipo akaja Mama Sekela. Huyu alikuwa mjane, mwenye nyumba za wageni hapa hapa Iyunga kandokando ya barabara kuu, na alikuwa anamalizia nyumba kumi na mbili ndogo za familia. Kila moja alitaka iwe na runinga kubwa na homu thieta yake, ili mgeni aangalie sinema na watoto wake kama yuko kwake. Alisimama dukani, mkoba kifuani.

"Sitaki kusomewa boksi," akasema. "Nilishasomewa mwaka juzi, nikalia. Nataka sabufa zipimwe nikiwa nimesimama pale. Wewe ndiye Atupele?"

"Ndimi, mama."

"Ukinunua ya kwako mwenyewe ungechukua ipi?"

Nilisema ukweli. Nilisema kuna fundi Iringa anayetengeneza kwa mikono yake, kwa plaiwudi nene ya Mufindi, na kwamba sijawahi kupima sabufa ya ukubwa ule inayoshuka chini kama yake. Festo alikuwa nyuma yangu, nikasikia akikohoa. Mama Sekela akasema basi huyo fundi alete moja, na duka lilete moja, zipimwe, atakayeshinda atachukua kazi ya sabufa zote kumi na mbili. Runinga angezichukua kwa Festo kwa vyovyote, hivyo Festo hakuweza kukataa.

Nikampigia simu Kihwele. Alikuwa amezeeka kidogo, kazi zimepungua, watu wananunua vya maboksi. Akaniuliza vipimo vya nyumba, akaniuliza sakafu ni ya nini. Baada ya siku nne akanipigia yeye: ameshakata mbao za masanduku yote kumi na mbili.

"Fundi, si ungesubiri kwanza kipimo?" nikamwambia.

"Kipimo unapima wewe," akasema. "Nina wasiwasi gani?"

Siku yenyewe ilinyesha. Mvua za Mbeya mnazijua, ikianza asubuhi haina haya. Tulikuwa tumekubaliana kupima nje, uani kwa Mama Sekela, na nje kulikuwa maji matupu. Festo alifika mapema na gari la duka. Nilipoingia nikakuta ameshaweka sabufa yake kwenye ukumbi wa chakula, kwenye kona, pale kuta mbili zinapokutana. Nikaiona. Nataka mjue kwamba niliiona mara ileile, kabla sijavua koti.

Kihwele alikuwa amekuja na basi kutoka Iringa. Aliingia akiwa ameloa mpaka magotini, sabufa yake kwenye toroli la kukodi, imefungwa blanketi na juu yake nailoni. Yeye aliloa, sabufa ilikuwa kavu. Alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," nami nikaitikia, nikampokea kofia. Alipotafuta mahali pa kuweka chombo chake, palikuwa pamebaki katikati ya ukuta mrefu, karibu na mlango, penye soketi. Akakiweka hapo. Akainuka, akatazama kona, kisha akanitazama mimi.

Nikamwambia Mama Sekela, "Mama, tungengoja mvua ikatike, tupime nje."

"Nina kikao saa sita, mwanangu. Haiwezekani hapa hapa?"

Dawa ilikuwepo, na haikuhitaji jua. Ningesema sabufa zote mbili zipimwe mahali pamoja, moja baada ya nyingine. Kazi ya dakika tano. Watu wawili wanabeba, wanabadilisha, basi. Nilifungua mdomo. Festo akanisogelea kama mtu anayetaka kunisaidia waya, akaniambia kwa sauti ya chini, "Atu, nilitaka kukuambia tangu jana. Ile nafasi ya msimamizi wa duka nimeamua ni yako. Kuanzia mwezi ujao."

Hakusema kingine. Hakuniambia nipime hivi au vile. Miaka mingi nilijishikiza hapo, kwamba hakuniomba kitu.

Nikapima. Sabufa ya Festo, kwenye hezi arobaini, desibeli mia na nne. Ya Kihwele, tisini na tano. Nikashuka thelathini, tofauti ikawa ileile au zaidi. Nilizisoma namba kwa sauti, moja moja, vizuri, kama nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu na suruali inachuruzika maji.

"Atupele," akasema, "umemaliza?"

"Nimemaliza, fundi."

"Huna la kuongeza?"

"Sina."

Akanitazama kwa ile tabia yake. Mara zote alipokuwa akinitazama hivyo nilishindwa, nikasema. Siku ile nilikunja waya wa mita, nikaukunja tena.

Mama Sekela akamwambia, "Pole baba, umetoka mbali. Ni namba ndizo zimesema."

"Asante, mama," akajibu. Kisha akanigeukia. "Hii nakuachia. Sina nguvu ya kuibeba tena kwenye mvua." Akachukua blanketi lake tu, akalikunja, akaenda kungojea basi.

Jumapili iliyofuata ya jua nilizibeba zote mbili mpaka uani kwetu, ile ya Kihwele na moja ya duka. Kamba mita mbili, mahali pamoja, swichi kwenye C. Hezi arobaini, ya Kihwele tisini na nane, ya duka tisini na nne. Hezi thelathini, ya Kihwele iliiacha ya duka kwa desibeli kumi na moja. Nilirudia mara tatu. Mpimaji mwema hurudia mara tatu. Jumatatu nikaipeleka karatasi ya vipimo hivyo kwa Festo.

Akaisoma yote, hakuidharau. "Umepima lini?"

"Jana, nje."

"Mteja ameshachukua mzigo, Atu. Zimeshafungwa nyumba saba. Unataka nikamwambie nini, kwamba mpimaji wangu hajui kazi?" Akanirudishia karatasi. "Kwa sababu ndivyo itakavyosomeka. Si mimi niliyepima."

Hapo alikuwa amesema kweli. Nikaiweka karatasi ndani ya Biblia, mahali pa kijinga pa kuweka kitu kama kile, na mwezi uliofuata nikawa msimamizi wa duka. Nilikuwa msimamizi mzuri. Nilikaa kwenye nafasi hiyo mpaka nikastaafu.

Mnataka kujua sabufa za Mama Sekela zilifanyaje. Mwaka wa kwanza zilipiga vizuri, hasa zilizokuwa konani. Mwaka wa pili wageni walianza kuzifungulia sauti mno ili wapate ile besi ya chini ambayo hazikuwa nayo, koili zikaanza kuungua. Alizileta moja moja. Kila alipoleta nilimtengenezea au nilimuuzia nyingine, naye akanishukuru, akaniletea maparachichi. Aliniambia mbele ya wateja, "Huyu ndiye mtu mkweli wa Mwanjelwa." Nilikula maparachichi yale.

Na Kihwele? Sikumpigia. Naye hakunipigia. Nilisikia kwa dereva mmoja wa Mlandege kwamba karakana imefungwa, kwamba mzee aliingia kwenye ile kazi na akiba yake yote ya mbao, na kwamba amehamia Ruaha Mbuyuni kwenye mashamba ya ukweni, analima vitunguu. Dereva alisimulia kama habari ya kawaida. Watu wengi wanahamia Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu.

Nilipostaafu, Festo alinifanyia sherehe ya soda dukani, akasema maneno mazuri. Wiki iliyofuata nikaitoa karatasi, nikaenda kwa Mama Sekela, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kona, mvua, cheo. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele kwenye ungo, mikono yake haikusimama.

"Sasa mwanangu," akasema, "unanipa mimi mzigo huu niupeleke wapi? Sabufa zenyewe nilishazitupa. Yule mzee umemwambia?"

"Bado, mama."

"Ukaanza kwangu kwa sababu kwangu ni karibu."

Nikasema ndiyo.

"Nenda kwake," akasema, na hakunikaribisha kiti.

Nilipanda basi asubuhi. Iringa nililala kwa rafiki, kesho yake nikashuka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto ambalo mtu wa Mbeya haliwezi. Mabanda ya vitunguu na nyanya yamepangana kandokando ya barabara, na sikupata shida kuuliza. Nilimkuta chini ya kibanda cha makuti, anachambua vitunguu, vikubwa huku, vidogo kule. Alikuwa ameota mvi kichwa kizima. Vitunguu alikuwa anavitia kwenye masanduku ya plaiwudi nene, na kila sanduku lilikuwa na tundu la duara upande mmoja, inchi kumi na mbili, limekatwa safi kwa mkono uliojua kazi. Sikuyahesabu.

"Kamwene, fundi," nikasema.

"Kamwene." Akanijua. Akanisogezea kigoda. Mkewe, Mama Neema, aliyekuwa akinipikia uji nilipokuwa mgeni Mlandege, alinisalimia kutoka mbali, akaingia ndani.

Nikampa karatasi. Aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho, kwa sababu hakuwa na miwani, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akizisoma karatasi zangu zamani.

"Umepima vizuri," akasema.

"Fundi, siku ile niliiona sabufa ya Festo iko konani. Niliiona nikanyamaza."

"Najua."

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua nilipoingia mlangoni. Mimi ndiye niliyekufundisha kona."

"Sasa mbona hukusema?"

Akachukua kitunguu, akakitoa maganda makavu, akakiweka upande wa vikubwa. "Ningesema mimi, ningekuwa muuzaji anayelilia mali yake. Anayetakiwa kusema ni aliyeshika mita. Nikakuuliza kama una la kuongeza. Nilikuuliza kwa Kiswahili."

Magari yalikuwa yanapita. Akaniuliza, "Umestaafu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Ee," akasema.

Neno hilo moja lilinimaliza kuliko yale mengine yote, maana alikuwa amepiga hesabu palepale: nimekuja kusema kweli wakati kweli haiwezi tena kunigharimu hata siku moja ya mshahara. Nikamwambia niko tayari kurudi naye Iringa, nizungumze na watu, nieleze, nitafute wateja, mimi mwenyewe nitampimia bure. Akasema hapana, mikono inatetemeka, hawezi tena kukata duara. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alirudi kwenye vitunguu vyake kama mtu ambaye mgeni wake ameshaondoka, na mimi bado nilikuwa nimekaa pale.

Vijana, msingoje kustaafu. Ukiona kimewekwa konani, sema kabla mtu hajapokea hela, sema ukiwa bado una kitu cha kupoteza, maana ukishakosa cha kupoteza maneno yako yanakuwa mepesi na hayamfai mtu. Mimi nawapa njia ya kupima. Hiyo ni salama, itumieni. Msiniletee sabufa zenu. Sitazipima tena.

Siku ile kule Ruaha Mbuyuni niliaga. Mama Neema akanisindikiza mpaka barabarani, amebeba mfuko wa vitunguu kichwani. Basi lilipoonekana akanipa mfuko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyosalimiana na watu tunaowaheshimu.

"Mwanangu, nakuomba kitu," akasema. "Usije tena. Siyo kwa ubaya. Tangu karakana ifungwe mwenzangu hakuwa akizungumza na mtu, na sasa alikuwa ameshaanza kuzungumza zungumza."

Sijarudi. Vile vitunguu niliwagawia abiria kabla hatujafika Iringa.